Ngoma ya Mpaka na Wasichana Saba wa Miyuji

Jumanne tarehe 27 Januari 1914, siku ya kuzaliwa kwa Kaisari wa Wajerumani, Ruthu binti Matonya alicheza mbele ya wageni katika uwanja wa stesheni ya Dodoma. Jina lake limo katika orodha ya michezo ya siku hiyo, namba sita, baada ya kuvutana kamba na kabla ya wimbo wa watoto wa shule: "Wanawake wa Miyuji. Ngoma mpya. Mkubwa wao Ruthu." Alikuwa na umri wa miaka ishirini na moja.

Karani hakuandika "mpya" kwa kupamba. Ugogo haukuwa na uhaba wa ngoma. Kila msimu ulikuwa na zake, na wanawake walikuwa na muheme, ile ngoma nene ambayo mpigaji huibana kati ya mapaja akiwa amesimama. Msichana alizikuta hatua zimekwisha kupangwa na waliomtangulia, kazi yake ikawa kuzifuata. Ruthu alirithi muheme wa mama yake, aliyekufa mwaka ule reli ilipofika Dodoma. Hatua hakutaka kurithi.

Mwaka uliofuata alikusanya wenzake sita. Walikutana kwenye uwanja wa kupuria mtama baada ya mavuno, jua likianza kupungua nguvu, na sharti lilikuwa moja. Kila mmoja alete hatua yake, na ikijulikana kwamba kuna bibi yeyote aliyewahi kuicheza, inatupwa. Nyingi zilitupwa. Ngoma yao ya kwanza, *Gari*, iliwachukua miezi minne. Sita walikuwa injini na mabehewa, na Hana, binti wa shangazi yake Ruthu, mdogo kuliko wote na mwepesi kuliko wote, alikuwa filimbi. Walifanya kazi kwa kuchekana.

"Dorkasi, wewe behewa la nyuma, mbona umefika kabla ya injini?"

"Injini inasinzia. Nisubiri mpaka kesho?"

"Tena," alisema Ruthu. Neno hilo alilisema sana kuliko yote.

Ngoma ya pili iliitwa *Mzigo*. Mwanamke mmoja aliingia akiwa amebeba kitu kisichoonekana, na kila alipozunguka, mwenzake mmoja alimwongezea kingine juu yake. Mwishoni muheme ulinyamaza, zikabaki njuga za miguuni tu, na aliyebeba hakuanguka, hakutua, aliendelea kutembea mpaka watazamaji wakaanza kugeuza nyuso. Matonya, baba yake Ruthu, ambaye alibeba vyuma vya reli kwa miezi kumi na sita, aliitazama mara moja. Alisema anakwenda kuangalia ng'ombe. Ng'ombe walikuwa wamelala mbele yake.

Kufikia mwaka 1913 walikuwa wanaitwa Chamwino na kwingineko. Lakini Akida Halfani, mtu wa Kondoa aliyesimamia Miyuji na vijiji jirani, alitaka aombwe ruhusa kila muheme ulipotoka nje ya kijiji, na wanawake aliwatoa kwa zamu kwenda kufyeka barabara ya Kondoa. Zamu ya wiki mbili ilikuwa ikigeuka miezi miwili. Wale saba hawakupata kuwa pamoja wote tangu mavuno. Kikundi kilikuwa kinakufa kwa kukosa watu wa kusimama uwanjani, na Ruthu aliliona hilo wazi.

Mwezi wa Desemba akida alimwita.

"Shikamoo, bwana akida."

"Marahaba. Nasikia una miguu saba iliyounganishwa."

"Kumi na minne, bwana."

Akida alicheka. Alitaka kitu cha siku ya Kaisari, kitu ambacho Wazungu hawajakiona. Kikipendeza, wote saba angewaandikia cheti: hawatatolewa barabarani, na watacheza popote bila kuomba. "Mzungu akishangaa, mmepona," alisema. "Akipiga miayo, tutaonana barabarani na majembe yetu."

Ruthu alirudi nyumbani na wiki sita za kutengeneza ngoma.

Baada ya manyunyu ya kwanza mvua haikuwa imenyesha tena. Uwele uliopandwa mwanzoni mwa Desemba ulichomoza, ukageuka rangi ya nyasi kavu. Wazee walikuwa wameanza kuzungumza juu ya kile ambacho wanawake wa Ugogo hufanya nchi ikichafuka kwa ukame au maradhi. Wanavaa mavazi ya wanaume, wanashika fimbo na mikuki, wanachunga ng'ombe, wanacheza kwa ukali kutoka boma hadi boma huku wanaume wakijificha wasikutane nao, kisha wanaufukuza uchafu ule kuelekea magharibi na kuutupa ng'ambo ya mpaka wa nchi. Hakuna aliyeiita ngoma. Ilifanywa ilipohitajika, basi.

Ruthu aliamua kuitengeneza kuwa ngoma.

"Ile ni kazi," Dorkasi, mkubwa wao kwa umri, alimwambia. "Huwezi kuifanya kwa kuonyesha."

"Hatua zitakuwa zetu. Hatuigi hata moja."

"Hatua sizungumzii. Nazungumzia kinachobebwa."

Mzozo ulikuwa juu ya kibuyu. Katika ngoma ya Ruthu, Hana alipita kwa kila mwenzake, akapokea kitu kutoka mikononi mwao, akakitia kibuyuni, na mwisho wote walimsukuma mpaka ukingo wa uwanja upande wa magharibi, akakimwaga nje. Siku za mwanzo Hana alikibeba kikiwa kitupu. Ruthu alimsimamisha mara kumi. Mikono ilikuwa mepesi mno, shingo ilikuwa ya mtu anayekwenda kisimani. Alimtia mawe, akabeba mawe. Alimtia mchanga, akabeba mchanga. Basi Ruthu akazunguka Miyuji na kuomba majivu ya jikoni katika kila tembe, konzi moja moja, nyumba thelathini na moja, kama inavyofanywa siku ile kazi inapofanywa kweli. Wanawake walimpa wakidhani wakati umefika.

Siku hiyo Hana alikibeba kibuyu jinsi Ruthu alivyotaka. Hakuhitaji kuambiwa "tena".

"Tutayamwaga magharibi," Ruthu alimwambia Dorkasi. "Ngoma inaisha kama kazi yenyewe inavyoisha. Kuna ubaya gani?"

Hata hivyo Dorkasi alikuja uwanjani siku ya sikukuu, amejifunga mgolole wa kaka yake.

Uwanja wa stesheni ulikuwa na benchi upande wa kivuli. Ruthu alipiga muheme na kucheza papo hapo. Kwa robo saa wageni waliwatazama wao tu, hata askari waliokuwa wakitaniana nyuma ya benchi. Hana alipokea cha mwisho, wakaanza kumsukuma. Zilibaki hatua kama ishirini kufika ukingoni ndipo Mzungu mmoja aliyekuwa na kamera ya miguu mitatu aliponyanyuka na kupunga mkono. Akida Halfani akapuliza filimbi.

"Simameni! Simameni hapohapo, msitikisike!"

Walisimama. Picha ikapigwa: wanawake saba, watano wenye fimbo, mmoja na muheme, wa katikati ameshika kibuyu kwa mikono miwili. Wageni wakapiga makofi. Watoto wa shule wakaingizwa.

"Bwana akida, haijaisha," alisema Ruthu. "Tuna hatua ishirini tu, pale ukingoni."

"Imeisha vizuri kabisa. Wamefurahi. Usiniharibie."

"Hatua ishirini, bwana."

"Binti Matonya, unataka cheti au unataka ukingo?"

Alitaka cheti. Alikipokea kesho yake, kina muhuri, kina majina saba. Hana alirudi Miyuji na kibuyu kama kilivyokuwa, akakitundika ukutani nyumbani kwa mama yake. Dorkasi alisema wakakimwage siku hiyohiyo. Mpaka ulikuwa bonde kavu upande wa magharibi, mwendo wa saa tano. Ruthu alikuwa amebatizwa miaka mitatu nyuma na alifundishwa kwamba majivu ni majivu. Alisema watakwenda watakapopumzika. Kibuyu kilikaa ukutani siku kumi na moja.

Siku ya kumi na mbili Hana aliamka na homa. Homa ile ilikuwa imekwisha kuua watu wanne katika kambi ya barabara kabla ya sikukuu, na mama yake Hana alikuwa ametoka kambini hapo wiki iliyotangulia. Hayo yalijulikana Miyuji. Hayakumzuia mtu kuuliza kibuyu kiko nyumba gani.

Bibi Sechelela, aliyeongoza kazi ile ya wanawake mara mbili katika maisha yake, alimwita Ruthu mbele ya wazee.

"Mbukwenyi," alisalimu Ruthu.

"Mbukwa. Umechukua taka za nyumba thelathini na moja, ukazipeleka katika nyumba moja. Nimesema uongo?"

"Hapana, bibi."

"Nani alizikusanya?"

"Sisi saba."

"Nani alibeba?"

"Hana."

"Basi mtamaliza mlichoanza. Ninyi saba, kwa ngoma hiyohiyo yenu, na aliyebeba ndiye atakayebeba. Akibeba mwingine mtakuwa mnaanza upya, na sisi hatutawapa majivu tena."

"Bibi, Hana hawezi kusimama."

"Basi msiende. Leta huo muheme wa mama yako tuuchome, na mtawanyike. Kila mmoja arudi kwao awe mtu kama watu."

Alipewa siku mbili za kufikiri. Matonya alimwambia binti yake aupeleke muheme. "Ni mti na ngozi," alisema. "Nitakuchongea mwingine."

"Na hao sita utanichongea?"

Hana mwenyewe aliulizwa. Alikuwa amelala juu ya ngozi, midomo imepasuka. Alisema akipata uji wa uwele atatembea. Akasema pia, kama mzaha, kwamba safari hii hakuna Mzungu wa kuwasimamisha. Ruthu alikaa naye mpaka mchana, akimpangusa. Alipotoka alimwambia Dorkasi kwamba wataondoka kesho.

"Mpeleke baada ya homa kushuka," alisema Dorkasi.

"Bibi ametoa siku mbili."

"Mwombe ya tatu."

Ruthu hakuomba. Baadaye, alipoulizwa na mama yake Hana kwa nini hakuomba, alisema aliogopa kwamba siku ya tatu Hana angekuwa hoi zaidi, na muheme ungechomwa bila wao kujaribu. Hilo ndilo jibu alilolitoa, na hakulibadilisha.

Waliondoka wote saba, asubuhi. Wanaume wa Miyuji walijifungia ndani kama inavyopasa. Wanawake walicheza ngoma yote tangu mwanzo, kila hatua, wakitembea, Hana akishikwa kiunoni na Dorkasi upande mmoja na Ruthu upande wa pili, muheme ukipigwa na msichana ambaye hakuwahi kuupiga vizuri. Njia ya saa tano ilichukua saa tisa. Hana alitapika mara tatu na kila mara aliweka kibuyu chini kwa uangalifu kwanza. Bondeni hapakuwa na maji, mchanga tu na kinyesi kikavu cha mbuzi. Alifika ukingoni kwa miguu yake. Akamwaga majivu ng'ambo, upepo ukarudisha kidogo juu ya nguo zake.

"Tena?" Hana alimwuliza Ruthu.

"Hapana. Imeisha."

Hana alikufa wakati wa kurudi, chini ya mti wa mkakatika, kabla hawajafika nusu ya njia. Walimbeba kwa mgolole wa kaka yake Dorkasi.

Mvua ilinyesha wiki ya pili ya Machi. Ilinyesha Miyuji, ikanyesha Chamwino, ikanyesha pia vijiji ambavyo hakuna mwanamke aliyecheza wala kumwaga chochote. Mavuno yalikuwa robo ya kawaida. Bibi Sechelela alisema nchi imesafishwa na muheme hautachomwa. Mama yake Hana alihamia Mlali kwa ndugu zake bila kumuaga Ruthu. Dorkasi alimrudishia njuga, zimefungwa katika kipande cha kaniki, akasema yeye amemaliza.

Mwezi wa Mei Akida Halfani alimwita tena. Mezani alikuwa na ile picha, imebandikwa kwenye karatasi ngumu. Ilikuwa imepelekwa pwani na ilikuwa imependeza. Mwezi wa Agosti kungekuwa na maonyesho makubwa Dar es Salaam, ya kusherehekea reli kufika Kigoma, na wanawake wa Miyuji walitakiwa wapande gari wakacheze ngoma ileile mbele ya watu maelfu.

"Mara hii mtaimaliza mpaka mwisho," alisema. "Nimewaambia msikatwe."

"Tumebaki watano, bwana."

Akida aliitazama picha, akahesabu kwa kidole.

"Wameomba saba. Cheti kina majina saba. Wakija watano, cheti si halali, na mnarudi barabarani. Huyu wa kibuyu ndiye wanayemtaka hasa."

"Amekufa."

"Pole. Tafuta anayefanana naye."

Ruthu aliomba kuishika picha. Aliiangalia kwa muda, hasa mikono ya Hana, jinsi ilivyokishika kibuyu kwa chini na si kwa shingo. Akamrudishia akida, akasema ndiyo, bwana.

Jumatatu iliyofuata alikwenda Chamwino kutafuta wasichana wawili.