Ndulele Jichoni

Saa kumi na dakika ishirini alasiri, Jumamosi iliyopita, kioo cha barakoa niliyoitengeneza kwa mikono yangu kilibonyea ndani na kuchomoka. Hakuna aliyekuwa ameivaa. Nilikuwa nimeifunga kwenye nguzo ya kamba ya nguo nyuma ya nyumba yangu hapa Kapsoya, nikaipiga risasi moja ya rangi kwa bunduki ya mabomba ya maji niliyoiunda mwenyewe, inayojazwa hewa kwa pampu ya baiskeli. Vijana wa kanisa letu walitaka kwenda Timboroa kucheza vita vya rangi, ule mchezo wa kupigana kwa vitufe laini vinavyopasuka na kukuacha na doa, na mimi, mtu wa kujifunzia mambo kwenye vitabu vya mafundi, nilijitolea kuwaundia vifaa. Bunduki ilifanya kazi vizuri. Kioo, nilichokikata kwenye chupa ya plastiki, ndicho kilichoshindwa. Rangi ilikuwa imetapakaa pale ambapo jicho lingekuwa.

Nikajikuta nimeziba jicho langu la kushoto kwa kiganja. Sikumbuki nilivyoinua mkono.

Kama ulikulia pande hizi, unaijua Kapsoya ilivyokuwa kabla ya magorofa: ploti moja ina nyumba, ya pili ina mahindi. Tuliishi na nyanya yetu, tuliyemwita kukhu kama watu wa magharibi mwa nchi wanavyosema. Asubuhi ilinuka moshi na uji wa wimbi. Jioni ilinuka managu, ile mboga yetu chungu, yanayochemka na maziwa. Mimi nilichota maji, dada yangu mdogo alichambua mboga. Kazi zikiisha tulicheza polisi na wezi ndani ya mahindi pamoja na binamu yetu mkubwa, na mchezo uliharibika kila siku kwa sababu ile ile.

"Umekufa! Lala chini!"

"Sijakufa! Imenipita!"

"Ikupite wapi na vile uko mnene kama debe?"

Binamu ndiye aliyepata dawa ya ubishi huo. Alikata mwanzi mwembamba, akachonga kijiti kinachoingia ndani yake bila nafasi. Unaziba mdomo wa mbele kwa tunda la managu lililoiva, unatia lingine nyuma, unasukuma kwa kijiti. Hewa inayobanwa katikati hulifyatua lile la mbele, po! Aliyepigwa hubaki na doa la zambarau kwenye shati. Ubishi ukaisha.

Lakini kukhu aliyahesabu matunda yale kuwa mbegu. "Hiyo ni mboga yenu ya mwaka ujao," alituambia. "Mkiimaliza, mtakula hiyo bunduki."

Hapo ndipo binamu alipogeukia ndulele, yale matunda machungu ya vichaka vya miiba kando ya njia, ambayo hata mbuzi huyapita. Aligundua kwamba ukikandamiza mdomo wa mwanzi kwenye ndulele, mwanzi wenyewe hukata kizibo kinachoenea barabara. Kiliruka mbali kuliko managu. Tulikuwa tumeonywa tangu tulipoanza kutembea kwamba maji ya ndulele hayachezi na jicho. Tulidhani onyo hilo ni la wale wanaojipangusa uso na mikono michafu.

Siku moja dada yangu, aliyekuwa amejificha, alitenganisha majani ya mahindi ili achungulie kama tumeondoka. Po! Kizibo cha binamu kikampata jichoni.

Hakulia. Hilo ndilo lililonitisha kwanza. Alisimama wima, akanyoosha mkono upande wake wa kushoto kama anayetafuta ukuta.

"Huku kumekuwa giza," akasema.

Kisha akapiga yowe ambalo sipendi kulikumbuka. Kukhu alitoka jikoni na unga mikononi. Alimlaza chini, akamfungua kope kwa nguvu, akaniamuru nimwage maji ya mtungi, pole pole, bila kuacha. Nilimwaga mtungi mzima. Mengine yaliingia masikioni mwake.

"Ni ndulele tu, kukhu," binamu alisema. "Si risasi."

"Nyamaza! Mama yenu ako Moi's Bridge anavunja mahindi ya watu. Aliniachia mtoto na macho mawili. Akirudi nitamwambia nini?"

Sikuwa nimewahi kumwona kukhu akiogopa. Jicho lilikuwa limevimba likajifunga. Alimbeba dada yangu mgongoni, akakimbia naye hadi dukani kwa jirani, nami nyuma yao. Jirani huyo alitoka upande wa kati wa nchi, na alikuwa amejifungua majuzi. Yeye na kukhu hawakuwa wakisalimiana tangu kuku wake walipochakura kitalu chetu cha managu.

"Mama," kukhu alisema mlangoni, akihema, "ya kuku tutaongea siku ingine. Naomba maziwa ya titi. Mtoto ameingiwa na ndulele."

Jirani alikuwa akimpimia mtu mafuta ya taa. Aliweka faneli chini. "Leta yeye hapa. Shika kichwa. Nyinyi wanaume, angalieni ukuta!"

Wateja wote wakageukia ukuta, pamoja na yule wa mafuta, chupa yake ikiwa nusu. Jirani akakamua maziwa yake ndani ya jicho la dada yangu, tone baada ya tone, huku akinong'ona kwa lugha yake.

Gari la kwenda hospitali lingepatikana kesho yake tu. Jioni ile hatukula. Nilikaa karibu na dada yangu aliyefungwa leso usoni, nikifumba jicho langu moja, nijue dunia itakuwaje kwake.

Hospitalini daktari alisema ni maji tuliyoyamwaga mapema yaliyoliokoa jicho. Njiani kurudi kukhu akasema, "Yeye alisoma maji. Maziwa hakusoma." Mimi namwamini daktari. Lakini tangu siku hiyo dada yangu alimwita jirani yule mama, na kuku wa duka wakachakura walivyotaka.

Jicho linaona hadi leo, likiwa na alama nyeupe ndogo kama punje ya sukari. Jirani alihama siku nyingi zilizopita, mwaka wa ghasia za uchaguzi, watu wa kwao walipohama kwa hofu. Vichaka vya ndulele vimekuwa kuta za mawe na mageti ya chuma. Mimi nimeishi miaka mingi ndani ya geti kama hilo, na simjui mama yeyote anayenyonyesha katika mtaa huu.

Vijana wa kanisa walinisihi mchezo usivunjwe. "Mzee, si tuvae tu miwani ya jua?" Niliwajibu hapana, nikachukua msumeno, nikaikata bunduki vipande vipande. Pampu ya baiskeli nimeirudisha mahali pake. Mabomba, vali, gundi na rangi vimepotea: shilingi elfu sita mia nne na themanini.