Barua Niliyomsomea Fundi

Bora mnisikie mimi mwenyewe, maana Tabora mjini habari imeshaenea.

Ijumaa nilibadilisha oili ya gari kwenye gereji ya Mzee Rajabu. Jumamosi nikaenda nalo Sikonge kumsalimia mama mkwe. Wakati wa kuondoka akaniwekea mzigo kwenye buti, nami sikuuliza ni nini. Jumapili asubuhi nikakuta matone mazito ya kahawia chini ya gari.

Mimi nafundisha somo la uraia, kwa hiyo sikutaka ugomvi. Niliandika barua. Nilieleza kwamba mteja ana haki ya kurudishiwa gari lake likiwa zima, na kwamba fundi aliyeliharibu alitengeneze bure. Jumatatu nikaisoma kwa sauti pale gereji, mbele ya wateja wake, bila hata salamu, ingawa Mzee Rajabu ni rika la baba yangu. Niliona nimesoma vizuri sana.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akainama nyuma ya gari, akakinga tone kwa kidole, akalinusa, akalilamba.

"Mwalimu, oili mimi naiweka mbele," akasema. "Hii inatoka huku nyuma. Hebu fungua buti."

Nikafungua. Ndoo ya asali ya mama mkwe ilikuwa imelala ubavu, mfuniko uko pembeni, na asali inachuruzika kwenye tundu lililo chini ya tairi la akiba.

Wateja wote walikuwa wamesogea. Nikaikunja barua.

"Shikamoo, mzee," nikasema.

"Marahaba," akajibu, akichovya kidole cha pili.