Mama Wodini na Maji ya Kiangazi

Uvumilivu uliniisha pale msimamizi wa hospitali aliponipokonya kijiko cha uji mbele ya mwanangu. Mtoto ana mwaka na kidogo, nimonia imembana, mdomo ameshaufungua.

“Saa ya mama imekwisha,” akasema yule bwana. “Ninyi ndio mnaotumaliza. Mkijaa humu, gharama zinapanda.”

“Basi mlishe wewe! Mnyonyeshe na wewe!”

Nilitolewa hadi getini, kanga imelowa maziwa. Mtoto huyo leo anavunja vikombe vyangu, lakini hasira ile ninayo bado, wala sina haraka ya kuitua.

Amri ya kututoa kina mama wodini ilikuwa mpya. Kwetu mgonjwa haendi peke yake; mtoto huenda na mama yake, na chungu, na mkeka, na unga. Na watu wa vijijini huja kiangazi. Mvua ikinyesha ni jembe. Mavuno yakiingia ghalani ndipo wanawaleta wagonjwa, wengine kwa treni kutoka Urambo, wengine kwa miguu kwa njia ile ile waliyopita wapagazi. Basi kiangazi kina mama tunajaa, na kiangazi gharama zinapanda. Msimamizi alichora mistari miwili ukutani, wa kina mama na wa gharama, akaona inapanda pamoja, akafunga geti.

Wakati huo, nyumbani kwetu mtaa wa Ng’ambo alikuwa amefikia shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, karani wa takwimu aliyetumwa kutoka Dar es Salaam kuchunguza gharama za hospitali hiyo hiyo. Alinikuta natupa sufuria.

“Shemeji, leo tunakula nini?”

“Kula hiyo mashine yako ya hesabu.”

Alicheka, kisha akaniona uso, akakaa. Nikamweleza. Akasikiliza mpaka mwisho.

“Urambo tumbaku inavunwa, na harusi zinafuata,” alisema. “Utasema tumbaku inaoa?”

“Usinifanye mtoto. Nimefika darasa la kumi.”

“Haya, msomi, njoo uzungushe.”

Mashine yake ya hesabu ilikuwa ya chuma, na mkono wa kuzungusha kama cherehani. Alisoma tarakimu, nikazungusha hadi bega likawaka moto. Hesabu yenyewe aliiita rigresheni. Hakushika jambo moja akalihukumu. Aliweka yote pamoja: wingi wa wagonjwa, ukali wa maradhi, maji yanayoletwa kwa lori visima vikikauka, na sisi kina mama. Kila jambo likapimwa uzito wake kana kwamba mengine yamesimama palepale.

Nikamuuliza, “Lakini lori la maji na kina mama vyote ni vya kiangazi. Unavitenganishaje?”

Aliweka kalamu chini, uso umemng’aa. “Hapo umeuliza! Surua iliwahi kuingia katikati ya masika. Kina mama walijaa, lori halikuitwa. Na mvua ziliwahi kuchelewa: watu wamerudi kuandaa mashamba, wodi hazina mama, lori bado linakwenda. Bila miezi kama hiyo ningefunga mdomo.”

Uzito mkubwa ukaangukia maji na wagonjwa mahututi. Wetu ulikuwa mdogo hata hakuweza kuutofautisha na sifuri.

Nikapiga makofi. “Kwa hiyo tunapunguza gharama! Tunafua, tunalisha, tunaamkia watoto!”

“Sijasema hivyo.”

“Sema basi!”

“Hesabu haijasema, shemeji.”

Nikamwita mwoga. Nikamwambia damu yake imelazwa kule inalia. Machozi yalimlengalenga, lakini hesabu hakuibadilisha. “Nikitia chumvi,” alisema, “msimamizi atashika hiyo chumvi na kumwaga mchuzi wote.”

Nimesikia wanaume wengi wakisema makubwa kuliko wanavyojua, na wengine wamevaa tai. Huyu alijua kingo za ujuzi wake, akasimama hapo, mimi nikimtukana. Sijapata kumheshimu mtu kama nilivyomheshimu alasiri ile, ingawa sikumwambia. Nilimpa nyama kubwa tu.

Taarifa yake ingepita meza nyingi. Mwanangu asingeweza kuzingoja. Asubuhi nilikwenda ofisi ya Mganga Mkuu wa Jimbo. Karani wa pale akaniambia nieleze tu kwa mdomo. Nikakataa, nikaweka karatasi mezani, nikasimama mpaka ikagongwa muhuri. Iliandikwa hivi:

“Bwana Mganga Mkuu,

Namlalamikia msimamizi wa hospitali kwa kumtenga mwanangu mgonjwa, anayenyonya, na mimi mama yake. Sababu aliyoitoa ni gharama. Sisemi kina mama tunazipunguza. Nasema hajaonyesha kwamba tunaziongeza: amelinganisha miezi ya kiangazi na ya masika, asitenge maji ya lori wala wagonjwa mahututi. Naomba aagizwe kuvitenga. Na wakati anavitenga, naomba nirudishwe wodini leo.”