Kitambaa cha mama juu ya kompyuta

Leo nimejua kwa nini kompyuta yangu ilikuwa inaganda. Bora nisingejua.

Hii mashine niliiunga mwenyewe. Asubuhi naiachaga ikihamisha video, naenda kazini Msasani, nikirudi nyumbani Wazo naikuta imeganda.

Nikaishutumu RAM, vile vijiti vya kumbukumbu vya ndani. Nikachomoa moja, nikabakiza moja, mwisho nikabadilisha zote. Aliyeniuzia tumegombana mpaka hatusalimiani.

Leo nimerudi mapema.

Nakuta mashine inaunguruma, imefunikwa gubigubi na kitambaa cha kochi, kile alichofuma mama mwenyewe. Kugusa juu, moto kama pasi.

"Naifunikaga ukitoka," mama kaniambia. "Vumbi la huku unalijua. Ukikaribia kurudi nakitoa, usipate shida mwanangu."

Nikakivuta kitambaa haraka, nikampa.

Maana RAM ikichemka inaandika vitu ovyo, na humo ndo nilihamishia video ya mwisho ya marehemu baba, ile anawasalimia wajukuu. Simu yake tulishaifuta, anaitumia dada.

Nimeifungua hiyo video. Sura ya baba imekatika vipandevipande. Sauti hamna kabisa.

Mama alikuwa mlangoni anakunja kitambaa chake, taratibu, kona kwa kona.

"Ya baba yako iko salama humo, eh? Kwenye arobaini tutaiangalia wote."

Nikamwambia ipo.

Arobaini ni Jumamosi. Nyie mngemwambiaje?

Na kabla sijatoka chumbani, mama kakirudisha kitambaa juu ya mashine. Sijakitoa.