Kiwanja cha Igoma na Safari ya Dar

Nakumbuka mchana mmoja wa kiangazi, mwanangu, nimesimama na mnunuzi kwenye kiwanja changu cha Igoma, Mwanza, tumekwisha kukubaliana kila kitu isipokuwa siku ya kuandikishana. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa kwa kila mtu. Kiwanda cha nguo nilichokuwa nafanyia kazi kilikuwa kimetupunguza, na mjini kila mtu alizungumza biashara. Rafiki yangu Deusi, niliyekua naye Pasiansi, alikuwa Dar es Salaam akiuza mitumba, na alipokuja kusalimia alivaa viatu ambavyo Mwanza hatujawahi kuviona. Kipya kinyemi ingawa kidonda. Nikaamua kuuza kiwanja, nimchukue mke wangu Roza na watoto, tuhamie huko.

Roza hakupinga. Alinyamaza tu, nami kwa ujana wangu nikadhani amekubali. Kumbe alikuwa amekwenda kumwona shangazi yangu.

Shangazi Kabula ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki. Alikuwa mrefu, mpole wa sauti, mkulima wa mboga kando ya ziwa, na mpaka leo sijaona mtu aliyejua kumkanya mtu mzima bila kumvunjia heshima kama yeye. Siku ile alitokea pale kiwanjani, jembe begani.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, baba. Nasikia unahamia Dar. Hongera."

Nilitegemea ugomvi, nikapata hongera! Akamgeukia yule mnunuzi, mfugaji mmoja wa Kisesa, akamwomba kwa adabu amvumilie kijana wake kidogo. Kisha akaniuliza, "Hiyo Dar umeiona?"

"Deusi amenieleza yote."

"Deusi amekueleza ya Deusi. Nenda ukakae naye. Usiende kutembea. Amka anapoamka, kula anachokula, toa anachotoa. Halafu jiulize kama Roza na watoto wataweza. Mimi nitapanda mchicha hapa mpaka urudi. Ukirudi bado unataka kuuza, nitakuwa shahidi wako."

Nikapanda treni.

Deusi alinipokea kwa furaha, na ukweli lazima usemwe: alikuwa mchapakazi wa kupigiwa mfano. Alidamka kabla ya jua kwenda kuchagua nguo, akarudi jua limezama. Jiji lenyewe lilinivutia, sikufichi. Lakini tuliishi kwenye chumba kimoja Manzese, na mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi mingi mbele. Maji ya kuoga tulipimiana, maana yalinunuliwa kwa ndoo. Mimi niliyezoea kuomba ndimu kwa jirani, nikashangaa kuona hata majani ya mlenda yana bei.

Asubuhi moja Deusi hakuweza kuamka. Homa ilimshika hadi akawa hanitambui. Nilimpeleka zahanati, nikampikia uji, nikamfulia. Wapangaji wenzake walipita mlangoni wakatoa pole, wakaendelea na safari zao. Hawakuwa watu wabaya, mwanangu. Kila mmoja alikuwa anakimbizana na kodi yake.

Alipopata nafuu alicheka, "Mgeni njoo, mwenyeji apone!" Halafu kicheko kikakatika. "Usingekuwepo, nani angejua nimelala humu? Mimi niko peke yangu, jiji limenifaa, siliachi. Ila wewe, Roza akiugua hapa, watoto utamwachia nani? Kule kwenu akiumwa kichwa tu, shangazi ameshafika."

Nilikuwa namfikiria Roza na ukimya wake, nikaona haya kwamba sikuwahi kumuuliza anaogopa nini.

Niliporudi Mwanza, nilikwenda kwanza kuongea na mke wangu, tukaongea mpaka tukaelewana. Ndipo tukaenda wote wawili kiwanjani. Shangazi alikuwa anapalilia.

"Mmeamuaje?"

"Tunabaki, shangazi."

Hakusema, "Nilikwambia." Akajifuta mikono tu. "Basi ng'oeni mchicha wangu, mjenge."

Tulimwomba radhi yule mnunuzi, tukajenga duka dogo la vitambaa, Roza akashona, na hilo ndilo lililowasomesha ninyi. Deusi naye alibaki Dar, akafanikiwa, na sijawahi kusema alikosea. Baadaye nilimuuliza shangazi kwa nini hakunikataza moja kwa moja. Akaniambia, "Ningekukataza, mwili ungebaki Igoma na moyo ungekuwa Dar. Mtu wa namna hiyo hajengi."

Sasa wewe, mwanangu, nasikia unataka kuhamia jiji kubwa. Sikukatazi. Ila kabla hujauza kitu, nenda ukaishi kule kama mwenyeji. Ujue kodi, maji na nauli vitakula kiasi gani cha jasho lako. Ujue utawaona watoto wako saa ngapi wakiwa macho. Muulize mwenzio, na akinyamaza, muulize tena, maana kimya cha mtu unayempenda kina maneno mengi. Na umjue kwa jina yule atakayekugongea mlango siku usipotoka. Ukishayajua hayo na moyo bado unasema nenda, basi nenda, nami nitakusindikiza hadi stesheni nikiimba.

Mungu akupe macho ya kuona kabla ya miguu kuondoka. Uendako wakupokee, ubakipo pakustawishe, na popote utakapolala, pasikose mtu wa kukuuliza umeamkaje.