Kibuyu cha Marigu

Jumatano, tarehe tisa Julai. Ukungu haujatoka tangu asubuhi, na manyunyu ni yale ya kulowanisha nguo bila kelele. Nimewasha moto mapema nikakaanga mawele kwenye chungu kabla ya kuyasaga, na ile harufu, kama ya nyasi kavu zilizopigwa na jua, imenikalisha chini na kalamu.

Sababu ya mawele ni Wawira, mjukuu wangu anayeniita Cucu, yaani bibi. Wiki iliyopita alirudi kutoka hospitali ya Meru na karatasi. Daktari amesema ana ugonjwa unaoitwa seliaki, asiguse ngano tena maishani: mkate, chapati, mandazi, hata biskuti. Tangu siku hiyo anakula chumbani peke yake, mlango umefungwa. Juzi nilimsikia akimwambia mama yake, "Niacheni tu, mimi ni wa kusumbua watu." Maneno hayo niliyasikia kwanza nikiwa na miaka saba, katika kijiji cha Emajensi, ile hali ya hatari ya mkoloni, upande wa Runyenjes, kutoka kwa dada yangu Marigu.

Mimi niliishia darasa la nne, na mambo ya daktari siyajui. Siwezi kuapa kwamba Marigu alikuwa na ugonjwa huu wa Wawira. Naandika nilichoona, na pale nilipokosea mimi nitasema.

Tulikuwa tumehamishwa kutoka mashambani tukajazwa kijijini, nyumba zimebanana, handaki pande zote na lango moja tu. Baba alikuwa amechukuliwa kizuizini. Shambani tuliruhusiwa saa chache, kwa hiyo njaa iliuma. Watu wa misheni wakawa wanaleta unga mweupe wa ngano, na kila adhuhuri watoto walipikiwa uji katika sufuria moja kubwa karibu na lango. Uji ule uliokoa watoto wengi, nami nikiwa mmoja wao. Kuna wanaosimulia siku zile kana kwamba kila kilichotolewa kilikuwa sumu. Si kweli.

Lakini kwa Marigu ulikuwa kama sumu. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Kabla ya kijiji, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo wasichana wakienda mtoni. Baada ya miezi michache ya uji, mikono yake ikawa kama fito, tumbo likavimba, akawa anatoka mbio katikati ya mchezo. Watoto wakamtungia wimbo: "Marigu ngoma, Marigu ngoma, nani atapiga?" Mwanzilishi alikuwa Rwamba, msichana rafiki yangu, ambaye baba yake alikuwa mkubwa wa homugadi, wale walinzi wa kijiji. Nami niliitikia. Si mara moja.

Majirani walinong'ona kwamba kuna laana nyumbani kwetu. Marigu akaacha kuimba, halafu akaacha kuongea. Alikaa kitandani, uso ukutani, akichokoa udongo kwa kidole mpaka pakawa na kishimo. Mama akimbembeleza atoke, alisema, "Niacheni tu. Mimi ni wa kusumbua watu." Mimi nilidhani ni uvivu.

Mama hakujua kusoma hata jina lake, lakini macho alikuwa nayo. Mvua ilipokata barabara na unga usifike karibu wiki tatu, tulikula mawele aliyokuwa amehifadhi, yaliyotoka kwa dada yake kule Siakago. Marigu akapata nguvu. Siku moja alicheka, nakumbuka, kwa sababu kuku alipanda kichwani mwangu. Barabara ikafunguka, uji ukarudi, na Marigu akarudi ukutani. Mama akasema, "Si laana. Ni ule uji."

Tangu siku hiyo alimpikia uji wa mawele na kuutia kwenye kibuyu, akakificha chini ya kitanda pamoja na mfuko wa nafaka. Alificha kwa sababu chakula chochote cha pembeni kiliweza kuitwa chakula cha msituni, na aliyekamatwa akiwapikia wapiganaji wa msituni alipandishwa lori la kizuizini. Marigu alikunywa pale pale, amejifunika blanketi. Tumbo lilianza kupona, lakini uso haukutoka ukutani.

Hapa sasa ndipo penye kosa langu. Mawele yana utamu wake, nami sikuonjeshwa. Siku moja, kwa wivu tu, nikamwambia Rwamba, "Mama ana kibuyu anakificha. Mimi hanipi." Nilitaka anihurumie. Yeye akamwambia baba yake, na simlaumu, kwani alikuwa mtoto kama mimi.

Kesho yake, tukiwa kwenye foleni ya uji na mabakuli yetu, Baba Rwamba akatoka nyumbani kwetu na kibuyu mkono mmoja, mfuko mkono wa pili. Mama alikuwa mbele yake.

"Mama Marigu, hiki kinaenda msituni kwa nani?"

"Ni cha mtoto."

"Mtoto gani? Si watoto wote wako hapa wanakunywa uji?"

Lori lilikuwa limesimama pale langoni, na kila mtu aliliangalia, kisha akaangalia chini. Ndipo nikamwona Marigu akitoka nje, anashika ukuta, anafumba macho kwa jua. Wengi walikuwa hawajamwona kwa miezi.

"Baba Rwamba," akasema, "kibuyu ni changu."

Sauti ilikuwa imekauka, lakini ilisikika. "Uji wenu unanitapisha. Mimi ndiye Marigu ngoma. Muulize binti yako, anaujua wimbo."

Mtu mmoja alicheka, akanyamaza haraka. Baba Rwamba akasema, "Maneno yoyote yanaweza kusemwa."

"Basi nipe huo uji wa sufuria niunywe. Lakini usiende. Keti hapa ungoje."

Mama akapiga kelele, "Marigu, hapana!" Marigu hakugeuka. Msichana aliyekuwa akijifunika blanketi ili asionekane akimeza alichukua bakuli, akasimama katikati ya kijiji kizima, akanywa mpaka chini. Akamrudishia Baba Rwamba bakuli kwa mikono miwili, kwa heshima. Kisha akaketi kwenye jiwe.

Baba Rwamba naye akaketi kwenye kigoda, bunduki magotini. Hakuna aliyeondoka, hata waliokuwa na zamu ya handaki. Kivuli cha mlingoti wa bendera kilikuwa kimesogea hatua mbili tatu Marigu alipojikunja. Alitapika mbele yetu sote, baadhi kwenye viatu vya Baba Rwamba, akatetemeka hadi meno yakagongana. Lakini hakuficha uso, na hilo ndilo nililobaki nalo.

Na niseme haki. Yule mtu, ambaye wengi walimwogopa kwa sababu nzuri, alitoa kitambaa chake akampangusa mdomo. Akamwambia mama, "Mpikie mtoto wako. Lakini hiki kibuyu kisifichwe tena. Kining'inie mlangoni, kila mtu akione."

Kikaning'inia mlangoni. Mama hakunipiga, ingawa alijua. Jioni hiyo alinipa kijiko akasema, "Wewe utakula na dada yako, kibuyu kimoja, hapa nje." Tukala, watu wakipita. Baada ya siku chache Rwamba akaja kuonja. Wimbo ukafa.

Sitaki kusema huzuni iliisha siku ile. Iliendelea kuja, hata alipokuwa mama wa watoto watano. Lakini alijifunza kuitaja. Akialikwa harusini alifika na kibuyu chake, akakiweka mezani katikati ya chapati, akasema kwa sauti, "Hiki ndicho changu, mnaotaka kuonja karibuni." Mimi nilikaa kando yake kila mara, na kusema kweli nilijivuna kama mimi ndiye mwenye kibuyu.

Tukiwa wazee nilikiri kwake kwamba ni mimi niliyesema. Akacheka. "Nilijua wiki ile ile, Rwamba aliniambia. Usingesema, ningekuwa bado nanywea ndani ya blanketi."

Nilifikiri muda mrefu kwamba mama alimponya kwa mawele. Sasa naona yalikuwa maradhi mawili. Mawele yaliponya tumbo. Yale ya kula umejificha yaliponywa na mlango.

Leo saa kumi na moja nimegonga chumbani kwa Wawira nikamsimulia haya yote, pamoja na lile la viatu. Ameuliza, "Cucu, hicho kibuyu kiko wapi?" Kiko; Marigu aliniachia. Ameking'iniza mwenyewe kwenye msumari wa mlango wa jikoni.

Mkate nimempa jirani. Sisi sote tumekula ugali wa mawele na kunde, sinia moja, Wawira katikati, na ameongeza mara mbili.