Baba Yangu Alizikwa na Buku Yake

Ndugu mwangalizi wa ukurasa huu, asante kwa kuficha jina langu. Mimi ni msichana wa miaka kumi na sita, mtoto wa kwanza kwa mama yangu, wa kijiji kimoja upande wa Kabambare. Nimemaliza shule ya masista, na nimechaguliwa kwenda Kasongo kusomea ualimu. Kijijini kwetu hakuna msichana aliyechaguliwa kabla yangu. Lakini ninavyoandika haya sijui kama nitakwenda.

Sista mkuu alinipa karatasi niipeleke nyumbani. Baba atie alama ya kidole kukubali niende, au, kama amefariki, tulete hati ya kifo kutoka biro ya teritwari, yaani ofisi ya serikali ya wilaya yetu. Sista anajua kwamba baba amefariki. Yeye mwenyewe alituongoza katika sala ya kumwombea. Nilipomkumbusha, alinishika bega akasema, "Binti, mimi ninakusadiki. Lakini karatasi hii inasomwa na watu wasiokujua."

Baba alikuwa akichimba dhahabu Salamabila. Alirudi na kikohozi, akakaa nasi msimu mmoja wa mvua, akafia mikononi mwa nyanya, yaani mama yake mzazi.

Ninyi nyote mnaijua buku, kile kitabu kidogo cha serikali chenye jina na alama ya kidole, ambacho bila hicho mwanamume hapiti njiani. Nilipokuwa mdogo, baba alikwenda Nyangwe kununua samaki, akaisahau buku katika shati lingine. Askari walimfunga kamba, wakamlaza gerezani mpaka nyanya alipoifikisha kwa miguu yake. Tangu hapo, kila baba alipotoka, nyanya alimwuliza mlangoni, "Buku iko?" Naye baba alipigapiga mfuko wa shati bila kugeuka. Sisi watoto tulikuwa tukimwiga nyanya na kucheka.

Siku ya mazishi, walipotaka kumfunika baba kwa mkeka, nyanya aliwazuia wanaume. Akauliza, "Buku iko?" Hakuna aliyecheka. Akaitoa katika kitambaa chake, akaitia katika mfuko wa shati la Jumapili alilovishwa baba. Akasema, "Anaenda mbali. Wasimukamate njiani." Kapita wa kijiji, yaani msimamizi aliyewekwa na serikali, rafiki wa baba tangu utoto, ndiye aliyeinama akafunga kifungo cha ule mfuko.

Basi mimi na mama tulikwenda Kabambare. Karani wa biro alitusikiliza vizuri, sitamsingizia. Akasema, "Mama, mutu anakufa mara mbili. Mara ya kwanza kwenu, mara ya pili hapa. Bwana yako amekufa mara moja tu. Hapa kwetu angali muzima. Lete buku yake."

Mama akasema, "Buku iko naye."

"Naye wapi?"

"Chini."

Karani aliweka kalamu mezani. "Mulizika buku ya serikali?" Mama aliinamisha kichwa. Karani akatueleza njia mbili. Ama tuilete ile buku, ama kapita, pamoja na mwanamume mwingine aliyeona maiti, waje waape mbele ya mzungu wa teritwari. Nikamwuliza kama baba mdogo anaweza kutia kidole mahali pa baba. "Akitia," alisema, "atakuwa ameiba mutoto ya mutu muzima." Alitaka kutuchekesha, nadhani. Mama hakucheka.

Tulikwenda kwa kapita jioni ile tuliyorudi. Alitupa viti, akatupa maji. Akasema, "Shemeji, mimi nilimupenda bwana yako. Lakini kazi yangu ni kurudisha buku za wafu. Nikiapa kwamba nilimuona akizikwa, wataniuliza, na buku uliiacha kwa nini? Niseme nini? Niseme nilifunga kifungo?" Kisha akanigeukia. "Mwanangu, mimi niko na watoto saba. Gereza ya Kabambare ninaijua, nimepelekaka watu mule."

Nikirudi kwa karani nikamtaja, watamlazimisha aje. Ninajua hivyo. Ninajua pia kwamba ndiye aliyetukatia miti ya paa baada ya kifo cha baba.

Ikabaki ile njia nyingine. Baba mdogo alisema yuko tayari kuchimba, kama nyanya atakubali. Nyanya alikuwa akipepeta mpunga. Aliposikia, aliweka ungo chini. "Nilimupa buku ili askari wasimusumbue," alisema. "Sasa askari ni ninyi?"

Baba mdogo akatoka nje. Mimi nilibaki, nikajaribu kumweleza nyanya taratibu, jinsi tunavyofundishwa. Nikamwambia kwamba bila ile hati sitasoma, kwa sababu kule biro baba hajafa bado.

Aliniangalia. "Karani alisema hivyo? Ya kuwa iko muzima?"

"Ndiyo, nyanya. Kwao bado yuko hai."

Akaushika ungo tena. Uso wake ulikuwa umelegea namna ambayo sijaiona tangu msiba. "Basi kuna mahali pamoja mwanangu hajafa," alisema. "Nanyi munataka nimuzike na huko?"

Tangu siku ile, wageni wakifika anawaambia kwamba kule Kabambare mwanawe anahesabiwa bado. Mama hanisemeshi habari ya Kasongo. Lori la misheni litapita baada ya mavuno ya mpunga, na mpunga umeanza kuinama. Nguo zangu nimezifua, nimezikunja, nimeziweka sandukuni, ingawa hakuna aliyeniambia nizikunje.

Ninyi wasomaji, kaka zangu na dada zangu, nimekosa wa kumwuliza. Nimfungulie baba kaburi juu ya machozi ya nyanya, nimtaje kapita aliyetusitiri, au nirudishe karatasi ya sista ikiwa tupu? Na kama kuna mmoja wenu ambaye mtu wake alizikwa na buku, na biro ikakubali kwamba amekufa, tafadhali aniandikie kupitia ukurasa huu: mlipita mlango gani?